Ukigoma kushuka ndege iliyojaa

Mkuu, umeuliza kama kampuni ya ndege inaweza kukuburuta utoke ilhali nauli umelipa na kiti umekalia. Kwa Marekani, siku hizi hapana. Tangu 2021 kanuni inasema ukishakaguliwa boding pasi (kibali cha kupandia ndege) getini na kupanda, hawakushushi kwa kisingizio kwamba ndege imejaa. Ukileta fujo au kuhatarisha usalama, hiyo ni kesi nyingine.

Kilichowafikisha huko ni ile safari ya shirika la ndege la United ya Chicago kwenda Louisville, Aprili 2017. Watu wameshakaa, kampuni ikataka viti vinne vya wafanyakazi wake. Ikatangaza dola 400 kwa atakayejitolea kushuka, ikapanda hadi 800, hakuna aliyenyanyuka. Wakachaguliwa wanne, watatu wakashuka wakinung'unika, wa nne, daktari mtu mzima, akagoma: kesho yake ana wagonjwa. Wakaitwa walinzi wa uwanja, wakamkokota chali kwenye ujia, miwani imemshuka, mdomo unavuja damu, na simu zote zinarekodi. Pua ilivunjika, meno mawili yakamtoka. Mwezi haujaisha, kampuni ikamalizana naye nje ya mahakama na kupandisha dau la anayejitolea hadi dola 10,000. Si wangelipandisha tangu mwanzo!

Kwa hiyo sasa mchujo wa nani abaki hufanyika getini, kabla hujapanda. Wakikuacha hapo bila hiari yako, usikimbilie kupokea vocha ya safari nyingine; dai fidia ya pesa taslimu au hundi, pamoja na maelezo ya haki zako kwa maandishi.