Kwenda Ulaya kwa treni

Nikisema kazini kwamba Ijumaa nakwenda Ulaya kwa treni, wageni wanashtuka. Watu wa Morogoro wanacheka tu. Ulaya yetu iko wilaya ya Kilosa, njia ya kuelekea Mikumi, na ndiko anakoishi bibi mzaa baba. Tangu treni ya umeme ilipoanza kwenda hadi Dodoma, Julai 2024, nimekwenda kumwona mara nyingi kuliko miaka kumi ya nyuma ukiijumlisha. Na makosa nimeyafanya karibu yote, kwa hiyo wewe huna haja ya kuyarudia.

Kosa la kwanza ndilo mama wa mengine: nilipanga safari kuanzia Dar. Nilijiuliza natoka kazini saa ngapi, foleni ya Buguruni ikoje, nitawahi treni gani. Nikapata ya jioni, nikaona nimepatia. Nikashuka Kilosa giza limeshaingia. Nje walikuwa wamebaki bodaboda wawili, wameniangalia viatu wakajua huyu hana ujanja, wakataja bei ambayo hata ya mchana ukizidisha mara mbili huifikii. Nikalala gesti. Bibi kule, simu yake imezima chaji, alikaa barazani na tochi mpaka saa sita usiku akinisubiri. Asubuhi nilipomwamkia, "Shikamoo bibi," aliitikia "Marahaba" kavu kabisa. Siku nyingine zote huniita mume wangu.

Sasa nahesabu kinyumenyume. Nataka kufika kwa bibi jua likiwa bado juu, tuseme saa tisa. Kutoka Kilosa kwenda ndani najipa muda mrefu, na masika nauongeza maradufu kwa sababu tope la njia ile nalijua. Kwa hiyo Kilosa niwe nimeshuka kabla ya adhuhuri. Kutoka Dar hadi hapo ni kama saa mbili na nusu za kukaa kwenye kiti. Jibu linakuja lenyewe: treni ya asubuhi, au nisiende siku hiyo. Dereva wa bodaboda namjua kwa simu, tumekubaliana bei kabla sijapanda treni. Hiyo pekee imeniokolea hela nyingi kuliko ujanja wowote wa tiketi.

Tiketi yenyewe haina maneno mengi. Unakata kwa simu, unapewa namba ya malipo, unalipa. Nauli ya treni ya kawaida safari zilipoanza ilikuwa 13,000 hadi Morogoro, 18,000 hadi Kilosa na 31,000 hadi Dodoma. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu, chini ya hapo bure. Angalia tu kwamba treni uliyochagua inasimama stesheni yako, maana zile za haraka zinapita. Usikate ya Dodoma ukitegemea kuongea na mhudumu njiani. Hii si daladala, huwezi kupiga kelele "Shusha!" ikakanyaga breki pale kwenye mwembe. Wanaokaa Gongo la Mboto, Ukonga au Chanika waangalie kwanza kama treni yao inasimama Pugu kabla ya kujitesa kwenda mjini.

Saa ndiyo iliyotuumiza kwenye ukoo. Nilimkatia baba mdogo tiketi, nikamtumia kwenye simu, imeandikwa 09:30. Mimi nikajua amejua. Baba mdogo, mtu wa miaka sitini na ushee, kaoga, kala mchana wake vizuri, katokea pale Stesheni saa nane alasiri kuwahi treni ya saa tisa na nusu. Treni yake ilikuwa imefika Dodoma. Aliniuliza kwa upole, "Baba, hii tisa ni ya nani?" Sikuwa na jibu. Tangu hapo kila tiketi ninayomkatia mzee naiandikia ujumbe chini yake: saa tatu na nusu ASUBUHI, uwe pale saa moja na nusu.

Na kuwa pale mapema si kujionyesha. Lile jengo kubwa lililochongwa mfano wa tanzanite linaendeshwa kama uwanja wa ndege. Kitambulisho kinaangaliwa, mzigo unapita kwenye mashine, mlango ukifungwa umefungwa.

Mzigo sasa. Sisi tuliokua na treni ya zamani, ile reli ya Mjerumani iliyofika Morogoro 1907 na Kigoma 1914, tulizoea kubeba nyumba nzima. Nikiwa mdogo nimelala juu ya gunia la mchele la mtu nisiyemjua, na Ngerengere mama akanunua mahindi ya kuchoma kupitia dirishani. Dirisha la sasa halifunguki. Beba begi moja la kubebeka hata kwenye bodaboda: sabuni, dawa za mgongo, kanga. Vitu vizito, kama sukari na unga, nilijifunza kuvinunua Kilosa mjini. Tofauti ya bei haifiki kero ya kuvitoa Tabata.

Ukipata kiti cha dirishani upande wa kushoto kwenda bara, Uluguru itakujia taratibu kabla ya Morogoro, vilele vimevaa wingu. Mimi hapo huwa naweka simu chini.

Kurudi ndiko kwenye mtihani, kwa sababu hakuna bibi anayekuacha uondoke mikono mitupu. Safari ya pili alinifunga jogoo miguu kwa kamba ya katani, mwekundu, mzito, macho makali. Nikamweleza kwamba kuku hai hapandi treni ile. Akaniangalia kama nimemtukana. "Treni gani hiyo inayokataa kuku?" Tukabishana mpaka bodaboda akaanza kupiga honi. Mwisho akamfungua kamba, jogoo akajikung'uta akaenda zake nyuma ya jiko.

Hajachinjwa mpaka leo. Kila nikipiga simu bibi ananipa habari zake kwanza, ndipo za afya yake: amepigana na wa jirani, amelala juu ya mpapai, kucha zimeota. Juzi kaniuliza ile treni yenu imeshaacha maringo.