Maswali na Majibu: Kitchener, Jemadari Aliyeanza na Mnyororo wa Kupimia

Niligusia humu bango la kuandikisha askari la mwaka 1914, lile la mzee mwenye masharubu manene anayekunyooshea kidole. Maswali yamemiminika. Mzee huyo ni Horatio Herbert Kitchener, jemadari wa Uingereza, na haya ndiyo niliyoweza kuyajibu leo.

*Alikuwa Mwairishi kweli? (Msomaji, Nakuru)*

Kuzaliwa, alizaliwa Ayalandi, Juni 24, 1850, karibu na Listowel katika jimbo la Kerry. Lakini wazazi wake walikuwa Waingereza. Baba alikuwa afisa wa jeshi aliyekwenda kununua ardhi huko baada ya ile njaa kubwa ya viazi, wakati mashamba ya waliofilisika yakiuzwa kwa bei ya chini. Mama alipougua kifua kikuu familia ikahamia Uswisi, kijana akiwa bado hajabaleghe vizuri. Wewe uliye Nakuru nikuulize: mtoto wa setla aliyezaliwa Naivasha mwaka 1920 ni Mkenya? Jibu utakalotoa hapo, litumie na kwa Kitchener.

*Ni kweli aliwahi kufika pwani yetu? (Msomaji, Malindi)*

Ni kweli, na hili ndilo swali nililolingojea.

Mwaka 1885 Wajerumani walikuwa wameingia bara na mikataba ambayo Mjerumani Carl Peters alifunga na machifu, huku Sultani Barghash wa Unguja akishikilia kwamba nchi hizo ni zake. Ikaundwa tume ya kupima mamlaka ya Sultani bara yanafika wapi. Wajumbe walikuwa Mwingereza, Mjerumani na Mfaransa. Mwenye mji hakupewa kiti. Mwingereza huyo alikuwa Kitchener, mhandisi wa jeshi wa miaka 35, aliyekwisha kuipima Palestina na Saiprasi na kuzichorea ramani. Kiarabu alikijua.

Matokeo yakawa makubaliano ya 1886 kati ya London na Berlin: Sultani abaki na Unguja, Pemba, Mafia, Lamu, na ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi kutoka Tungi (Msumbiji ya leo) hadi Kipini (pwani ya Kenya), pamoja na miji kadhaa ya Banadiri, pwani ya Somalia. Mwisho wa mwaka Barghash akakubali, angefanyaje? Usimtwike Kitchener mzigo wote, maana waliokata kauli walikuwa wakubwa zake. Lakini ukanda huo ndio uliofanya bendera nyekundu ya Sultani ipepee Fort Jesus hadi 1963, na ndio uliozaa madai ya Mwambao, yaani kwamba pwani ijitawale mbali na bara, ambayo wazee wa Malindi wanaweza kukusimulia mpaka kahawa ipoe.

*Omdurman alishindaje, na Wasudani walikuwa wengi kuliko yeye? (Msomaji, Tanga)*

Omdurman ni mji wa Sudan unaoikabili Khartoum, na hapo alishinda kwa reli kwanza, bunduki baadaye. Toka Wadi Halfa hadi Abu Hamed Mto Nile unazunguka sana na una maporomoko, kwa hiyo mwaka 1897 alikatiza reli jangwani, kilomita zipatazo 370. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Percy Girouard, Mkanada, huyohuyo aliyekuja kuwa gavana wa Kenya mwaka 1909. Chakula, risasi, hata mashua za kivita zilizofunguliwa vipandevipande, vyote vilipita humo.

Septemba 2, 1898, majeshi ya Khalifa Abdullahi, mtawala wa Sudan aliyemrithi kiongozi wa dini aliyeitwa Mahdi, watu kama 50,000, walikuja uwanjani wakiikabili mizinga na Maxim, zile bunduki ambazo huku kwetu ziliitwa bombomu. Kufikia adhuhuri kazi ilikuwa imekwisha. Wasudani wapatao 10,000 waliuawa. Upande wa Kitchener hawakufika 50. Tena wengi wa askari wake walikuwa Wamisri na Wasudani wenyewe, jambo ambalo mabango ya London hayakulionyesha. Kisha akaamuru kaburi la Mahdi libomolewe na mifupa itupwe mtoni. Fuvu likabakizwa, mpaka Malkia Victoria mwenyewe alipochukizwa na habari hizo, ndipo likazikwa. Wanaomsifu jemadari huyu huupita ukurasa huu haraka.

*Alipata Msalaba wa Victoria? (Msomaji, Mwanza)*

Hapana. Nishani nyingine zilimjaa kifuani, ikiwemo Order of Merit mwaka 1902 ilipotolewa kwa mara ya kwanza.

*Na kambi za Afrika Kusini? (Msomaji, Arusha)*

Ni kambi za vita vya Waingereza na Makaburu. Zilianza kabla hajashika uongozi wa jeshi huko mwishoni mwa 1900, ila yeye ndiye aliyezitanua. Ili kuwamaliza Makaburu waliopigana msituni, alichoma mashamba yao na kuzifungia familia kambini. Surua, homa ya matumbo na njaa viliua zaidi ya watu 26,000, wengi wao watoto. Emily Hobhouse, Mwingereza, ndiye aliyepaza sauti kwa ajili yao. Waafrika walikuwa na kambi zao kando, na waliohesabiwa kufa humo wanapita 14,000. Hao waliopata wa kupaza sauti kwa ajili yao ni wachache mno.

*Kaburi lake liko wapi? (Msomaji, Muscat)*

Hana. Juni 5, 1916, manowari Hampshire iliyokuwa ikimpeleka Urusi iligonga bomu la baharini karibu na visiwa vya Orkney. Walionusurika walikuwa 12 tu, naye maiti yake haikupatikana. Ukitaka sanamu yake, ile ya juu ya farasi iliyokuwa Khartoum, Wasudani waliiondoa baada ya uhuru. Sasa iko Chatham, Uingereza, kwenye chuo cha wahandisi wa jeshi.