Maswali na Majibu: Kutafiti Usikivu Nje ya Chumba cha Vipimo

Nimesomea saikolojia. Je, ni lazima nijue kupima masikio ndipo nitafiti usikivu? (Mhitimu, Tanga)

Si lazima, ingawa itakubidi ushinde kliniki siku nyingi hadi uweze kusoma chati ya vipimo bila kuelezwa. Chati huonyesha sauti ndogo kabisa ambayo sikio linaipata. Haisemi kwa nini, kati ya wazee wawili wenye chati zinazolingana, mmoja bado yupo barazani kila jioni na mwenzake ameacha kwenda hata kwenye arusi za wajukuu. Hapo ndipo utafiti wetu unapoanzia. Mwaka 1982, Ventry na Weinstein wa Marekani waliwatungia wazee dodoso la kupima jinsi upungufu wa usikivu unavyowaathiri, lenye maswali 25, 13 ya hisia na 12 ya maisha ya kijamii, ambamo "ndiyo" ina alama 4, "wakati mwingine" 2, na "hapana" 0.

Naweza kulitafsiri dodoso hilo kwa tasnifu yangu ya uzamili? (Mwanafunzi, Mombasa)

Unaweza, ila usiipangie kazi hiyo wiki moja. Kitenzi "kusikia" chenyewe kina mitego: tunasikia njaa, tunasikia harufu, na mama akisema mwanawe hasikii, mara nyingi analalamikia utundu, wala si masikio. Kisha kuna swali la jinsi mtu anavyohisi akutanapo na watu wageni. Ukiandika "aibu", mzee ataona unamshtaki kwa kosa; ukiandika "haya", umemtajia sifa njema, naye atakubali kwa fahari; ukikimbilia "kujisikia vibaya", atakueleza habari za homa. Basi mmoja atafsiri, mwingine alirudishe kwenye Kiingereza bila kuona la asili, halafu uketi na wazee wenyewe wakwambie, kwa maneno yao, wameelewa umewauliza nini. Swali la kupunguza kwenda ibadani ndilo halitakusumbua.

Baba ana shimesikio, yaani kifaa cha kumsaidia kusikia, lakini linakaa kabatini. Hilo nalo ni la kutafitiwa? (Msomaji, Dodoma)

Ndilo hasa. Huko Montreal, Raymond Hétu aliwachunguza wafanyakazi wa viwandani walioharibiwa usikivu na kelele, akakuta wengi wakificha hali yao hata kwa wenzao. Kabla ya kumlaumu baba, muulize nani alimcheka.

Ajira ipo? (Muuguzi, Nakuru)

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 inataja watu zaidi ya milioni 430 wanaohitaji huduma za usikivu, kwa hiyo kazi haikosekani. Kilicho adimu ni tangazo la nafasi lenye jina la mtafiti wa usikivu. Omba katika idara za saikolojia, afya ya jamii au elimu maalumu, uingie na mada yako.