Hisia za ng'ombe zinasomewa hadi uprofesa

Umeuliza kama ipo fani ya kuchunguza hisia za ng'ombe, ambayo mdogo wako wa Mbeya anataka kuisomea. Ipo ndugu, na ni taaluma kamili. Profesa wa kwanza duniani wa ustawi wa wanyama, Donald Broom, aliteuliwa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 1986. Na wataalamu wake hawabahatishi: hisia za ng'ombe huchunguzwa kwa homoni ya msongo, mapigo ya moyo, mkao wa masikio, hata weupe wa jicho unaoongezeka mnyama akiogopa. Wafugaji wa Rungwe wanajua ng'ombe aliyetishwa hubana maziwa. Ni adrenalini, homoni ya hofu, inayozuia oksitosini, homoni ya kushusha maziwa, isifanye kazi yake. Huyo mdogo wako wa Mbeya aanze na udaktari wa mifugo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, kisha uzamili na uzamivu. Ila ajipange, shahada ya kwanza pekee ni miaka 5.