Mafuta ya maandazi yameniunguza: nipake nini?

SWALI: Shikamoo Bibi Muuguzi. Nakaanga maandazi ya kuuza hapa Morogoro. Andazi liliniponyoka, mafuta yakanirukia mgongo wa kiganja. Nilikimbilia bombani, mama mkwe akanizuia: ati maji yanaleta malengelenge. Akanipaka dawa ya meno, jioni ute wa yai. Lengelenge lilitoka vilevile, likapasuka. Leo siku ya tano pamevimba, panatoa majimaji ya njano yenye harufu. Ningepaka nini?
Mkaanga maandazi, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza huo mkono. Uvimbe na harufu ni dalili kwamba kidonda kimeingia vijidudu. Kama hujaenda zahanati, nenda leo wakakisafishe, na uulizie sindano ya pepopunda. Mengine utayasoma ukirudi.

Hukupaswa kupaka kitu. Ulipokimbilia bombani ulikuwa sahihi. Maji ya kawaida yatiririke juu ya palipoungua kwa dakika 20, na uzihesabu kwenye simu, maana wengi huondoa mkono maumivu yakipoa kidogo tu. Mafuta ya kukaangia hufika nyuzi 180 hivi. Hata ukiyafuta, joto limeshazama kwenye ngozi na linaendelea kuunguza chini kwa chini. Maji ndiyo yanayolitoa. Lengelenge huletwa na moto wenyewe, ila huchelewa kujitokeza. Linapotokea mtu ameshanawa, basi maji yanasingiziwa.

Nimefunga vidonda miaka 31, na kazi iliyonitesa moyo ni kubandua dawa ya meno iliyokaukia kwenye ngozi iliyoungua. Lazima itoke ndipo tuone kidonda, na mgonjwa anaumia upya. Yai bichi nalo lina vijidudu vyake. Unga wa ngano, siagi, mafuta ya taa, barafu, vyote acha.

Bomba likikauka, chota kwa kopo umwagie polepole. Maji ya mtungi yanafaa sana. Hata ukichelewa, ndani ya saa 3 bado yanasaidia. Pete na bangili vua mapema kabla mkono haujavimba. Kisha funika kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi, pamba hapana, na lengelenge usilitumbue. Shubiri inatuliza, lakini baada ya maji, kwenye ngozi isiyochubuka, na utomvu wake wa njano uwe umeusuuza.

Akiungua mtoto mdogo, au ikiwa ni usoni, sehemu za siri, au eneo linalozidi kiganja cha aliyeungua, mwagieni maji kisha hospitali. Pakiwa peupe na hapaumi, msitulie: mishipa ya fahamu imeungua.

Mama mkwe usimlaumu. Alikukimbilia na kile alichofundishwa. Siku akiungua yeye, mshike mkono umpeleke bombani, usimame naye dakika zote 20.