Kura ya mtu, kiti cha chama

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa: “Ukiwa ndani ya kituo cha kupigia kura, unamchagua mtu au chama?” Mimi ni mkulima wa korosho, Newala, na nina majibu mawili yasiyopatana. Sisi huku tunamchagua mtu. Sheria inataka tuchague chama. Sehemu kubwa ya ugomvi wa siasa za Mtwara na Lindi, huku kusini mwa Tanzania, naiona inaanzia hapo.

Nimewahi kuwa wakala wa chama kituoni (kipi, haidhuru). Kituo kikifungwa saa 10 jioni, kazi ndiyo kwanza inaanza. Kituo chetu kilikuwa darasa la shule ya msingi. Madawati yaliunganishwa yakawa meza, taa ya kuchaji ikaning'inizwa, masanduku yakafunguliwa moja baada ya jingine: rais, mbunge, diwani. Msimamizi ananyanyua karatasi, anaizungusha mawakala wote tuione, anataja jina, inakwenda kwenye fungu lake. Tulipofika sanduku la diwani nikaona ajabu yake. Foleni ni ile ile ya asubuhi, nembo ya chama chetu ni ile ile, lakini mgombea wetu wa udiwani alimwacha mbali mgombea wetu wa urais. Alikuwa anajulikana. Malipo ya AMCOS, chama chetu cha ushirika cha mazao, yakikwama yeye ndiye anayepanda pikipiki kwenda kuuliza, na msibani hafiki akiwa amechelewa. Kwenye fungu la zilizoharibika kulikuwa na karatasi moja isiyo na alama ya vema popote, mwenyewe ameandika juu ya picha zote, “Mmetuzoea.” Tulicheka hadi msimamizi. Kisheria imeharibika, ila sijaona kura iliyoeleweka zaidi ya ile.

Sasa sheria. Katiba yetu haimruhusu mtu kugombea mpaka awe mwanachama wa chama na chama hicho kimpendekeze. Mbunge akiacha chama, ubunge nao umekwenda. Matokeo yake tumeyaona karibu kabisa. Mwaka 2015 jimbo la Liwale, Lindi, walimchagua Zuberi Kuchauka kuwa mbunge kwa tiketi ya CUF, chama cha upinzani. Mwaka 2018 akahamia CCM, chama tawala, katika kile kipindi ambacho kila anayehama alikuwa “anaunga mkono juhudi” za Rais Magufuli. Kiti kikawa wazi, Oktoba ukaitishwa uchaguzi mdogo, akatangazwa mshindi yeye yule, shati jipya. Uchaguzi ule uliendeshwaje, hilo ni swali la wiki nyingine. Ninachobisha ni wale wanaosema watu wa Liwale ni vigeugeu. Kigeugeu yupi, aliyepiga kura kwa mtu mmoja mara mbili?

Ndanda ilikuwa kichekesho zaidi. Mwaka 2020 mbunge wake, Cecil Mwambe wa CHADEMA, chama kingine cha upinzani, alitangaza kuhamia CCM, kisha Spika Ndugai akamrudisha bungeni, ukazuka mjadala wa nchi nzima kama mtu aliyekihama chama chake anaweza kuendelea kukalia kiti chake. Mpiga kura wa Ndanda hakuulizwa kitu.

Na ushahidi mzito kuliko wote uko Mtwara Vijijini. Uchaguzi wa 2020, Tanzania Bara nzima, upinzani uliambulia majimbo mawili tu: Nkasi Kaskazini kule Rukwa, na hapa kwetu Mtwara Vijijini, alikoshinda Shamsia Mtamba wa CUF. CUF ile ilikuwa imepasuka, kiongozi wake Maalim Seif na watu wake wamekwenda chama cha ACT-Wazalendo tangu Machi 2019, na majimbo iliyochukua Kusini mwaka 2015 yamepotea. Anayetaka kuniambia ushindi ule ulikuwa wa chama aje anieleze chama kipi.

Wazee wakisikia haya hunicheka. Wanasema enzi za chama kimoja ndipo mtu alipochaguliwa hasa: mwaka 1965 TANU, chama pekee wakati huo, ilisimamisha wagombea wawili jimboni, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine ya nyumba, na ndani ya chama kile kile wananchi walimwangusha hata waziri wa fedha, Paul Bomani. Siutamani mfumo ule. Waliopitishwa kuwa jembe na nyumba walichujwa juu, na nje ya TANU hapakuwa na mlango. Lakini mchujo wa juu hadi leo upo. Aliyeongoza kura za maoni anakatwa jina, anarudishwa wa pili au wa tatu, na huyo aliyekatwa akitaka kugombea inambidi azunguke kuomba chama kama anayeomba lifti barabarani: linalosimama ndilo hilo hilo. Halafu tunashangaa akihama.

Kuna wanaosema basi tumalize ubishi, tupigie vyama moja kwa moja na viti vigawanywe kwa asilimia. Mfano hauko mbali. Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, tangu uchaguzi wao wa kwanza wa vyama vingi mwaka 1994, Bunge lao la viti 250 linapatikana kwa orodha za vyama, mkoa kwa mkoa. Uzuri wake naukubali: chama kikipata theluthi ya kura za mkoa hakitoki mikono mitupu, wakati kwetu unaweza kupata kura 49 katika kila 100 ukaenda nyumbani. Ila dada yangu, binti wa baba mkubwa, ameolewa Mueda. Nilipomuuliza mbunge wake ni nani, alinitajia chama. Nikamuuliza tena, akanitajia chama tena. Sisi tunataka jina, na ikiwezekana namba ya simu.

Nusu ya mfumo huo tunao na wengi hawajui. Viti Maalum vya wanawake vinagawiwa kwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura za ubunge. Kwa hiyo kura yako kwa yule kijana unayemjua inahesabiwa pia kumpeleka Dodoma mama usiyemjua, aliyepangwa na chama, na chama kinaweza kumtoa. Mwaka 2017 wabunge 8 wa Viti Maalum wa CUF walivuliwa uanachama kwenye mgogoro wa ndani, ubunge ukaishia hapo.

Mtu asidhani napuuza vyama kwa sababu ya mapenzi tu ya mtu na mtu. Juni 2018, Serikali ilipoleta bungeni mabadiliko ya ushuru wa korosho zinazouzwa nje, ile asilimia 65 iliyokuwa inarudi kuliendeleza zao ikaingizwa yote mfuko mkuu. Wabunge wa Kusini, wa CCM na wa CUF, walisema kwa sauti moja. Niliwasikiliza redioni nikasema leo nimemwona mbunge. Muswada ukapita. Mtu alisema yetu, chama kikahesabu yake, na sisi msimu uliofuata tulikuwa tunatafuta salfa, dawa ya mikorosho.

Ndiyo maana nataka mgombea binafsi, asiyepitia chama chochote. Si jambo geni. Mchungaji Mtikila, mwanasiasa wa upinzani, alishinda kesi ya kudai haki hiyo Mahakama Kuu mwaka 1994, Bunge likabadili Katiba kuuziba mlango. Akashinda tena 2006, Mahakama ya Rufani ikasema mwaka 2010 kwamba hilo ni la Bunge. Juni 2013 Mahakama ya Afrika iliyo Arusha ikaamua kwamba Tanzania inavunja haki za raia wake. Mtikila alifariki Oktoba 2015 bila kuona karatasi ya kura yenye mgombea wa namna hiyo. Jirani zetu Malawi, mwaka 2019, walikuwa na wabunge huru zaidi ya 50 kwenye Bunge la viti 193, na nchi yao ipo pale pale.

Wanaopinga wanasema matajiri watanunua majimbo. Kwani sasa hivi kofia, kanga na pilau analipa nani? Wekeni masharti: wadhamini kutoka kila kata ya jimbo, ukomo wa matumizi, na hesabu zibandikwe kwenye ofisi ya kata, kila mtu asome.

Msomaji wenu,
Newala, Mtwara