Maswali ya Wasomaji: Karavani mpaka Tanga, tutafika?

SWALI: Habari za kazi kijana wangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Pasua hapa Moshi. Kuna karavani, ile nyumba ndogo ya kuvutwa na gari, nilinunua kwa mzungu mmoja alokuwa anarudi kwao, ina kitanda na kajiko, tangu siku hiyo ipo chini ya mwembe kuku wanataga humo. Mama watoto kasema nisipoitumia ataiuza yeye. Sasa nataka nimpeleke Tanga kwa dada yake, taratibu tu, tunalala njiani tunaangalia milima, nina siku 10 na gari ni Prado ya dizeli. Nataka tupite na Lushoto maana nilifundisha huko ujanani. Watoto wangu wanasema nimechanganyikiwa, bora tupande basi. Wewe unasemaje?

JIBU: Shikamoo mwalimu. Hujachanganyikiwa hata kidogo, ila kuku watoke kwanza.

Nianze na Lushoto maana ndo penye shida. Karavani usiipandishe. Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kilomita 33 hivi tu lakini unapanda karibu mita elfu moja, barabara nyembamba, kona juu ya kona, huku ukuta wa mlima huku korongo, na ukikutana na basi linashuka inaweza kubidi mmoja arudi nyuma, sasa wewe na hilo trela nyuma utarudi wapi. Iache Mombo kwenye ua wenye mlinzi, elewana na mwenye lodge, mpe na mlinzi chochote kitu, alafu panda na Prado tupu mlale Lushoto siku mbili. Simama Soni muone maporomoko, na Irente muende asubuhi kabla ukungu haujaziba maana pale unaona tambarare yote ya chini uliyopita jana yake. Na hii ndo kanuni yangu ya safari nzima mwalimu, karavani inabaki chini, mlimani unaenda na gari. Hata ukitamani Usangi kule Upareni ni hivyo hivyo, iache Mwanga.

Kwa siku 10 mimi ningefanya hivi. Siku ya kwanza Moshi mpaka Same tu, kilomita 105 hivi, na msicheke kwamba ni karibu, ndo maana ya taratibu. Tokeni saa moja asubuhi, Mlima Kilimanjaro mara nyingi unaonekana asubuhi alafu mawingu yanaufunika, hivyo mkifika maeneo ya Himo mama ageuke nyuma autazame. Laleni Same usiku mbili, geti la Zange la hifadhi ya Mkomazi liko jirani tu na mji, ilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008 na kuna faru weusi, wengi tunapita hapo kila Desemba na mabasi tunakimbilia kwetu hatujawahi kuingia hata siku moja. Kutoka Same ni Makanya, Hedaru, mpaka Mombo, milima ya Upare iko kushoto kwenu muda wote alafu inapokelewa na Usambara, kulia ni nyika. Hapo ndo pazuri kuliko kote kwa maoni yangu na ndo pale ambapo watu kwenye basi wamelala. Baada ya Lushoto mnashuka Korogwe kwenye mikonge, Segera mnakata kushoto, Muheza mnanunua machungwa, Tanga. Siku zinazobaki kaeni kwa shemeji, na Mapango ya Amboni msiyaache, yako kilomita chache tu nje ya mji. Msafiri Juni mpaka Septemba, masika ya Machi mpaka Mei achana nayo.

Sasa karavani yenyewe. Tairi ndo adui yako namba moja. Zinaweza kuwa na kashata zote kama mpya kumbe zimeoza, maana zimesimama juani miaka. Angalia ubavuni kuna tarakimu nne, kama ni 2315 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2015, ikishapita miaka 6 tupa, usihurumie, na ununue na spea. Fundi afungue magurudumu atie grisi mpya kwenye beringi, aangalie breki za karavani maana zikikaa muda mrefu zinanata. Aangalie pia boli ya nyuma ya gari, lile duara la chuma linaloshika karavani, kuna za milimita 50 na kuna za inchi mbili ambazo ni 50.8, ukiziona kwa macho ni zile zile, lakini kichwa cha karavani, yaani kile kikombe cha mbele kinachokaa juu ya boli, kikiwa cha inchi mbili kwenye boli ya 50 kinacheza, na kinaweza kuchomoka kwenye tuta. Zile cheni mbili za usalama zifungwe zikipishana chini ya kichwa. Taa zote ziwake, karavani iwe na namba yake na bima yake, trafiki wa njia hiyo wapo wengi na tochi zao na kwenye vijiji ni 50, usijaribu bahati.

Kupakia nako watu wanakosea. Vizito vyote viwe chini na juu ya ekseli, sio nyuma. Mimi miaka hiyo naendesha gari za watalii nilipakia jenereta na madumu ya maji nyuma kabisa ya trela kwa sababu mlango wa nyuma ulikuwa rahisi, uvivu tu, tulipofika karibu na Makanya lori likanipita kwa kasi, trela likaanza kuyumba kama mkia wa mbwa nikaona sasa tunalala hapa. Ukiona imeanza kuyumba usikanyage breki ya gari kwa nguvu wala usipigane na usukani, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka, itatulia yenyewe. Kupima ni rahisi, chukua mizani ya kupimia magunia, weka kipande cha mbao juu yake kichwa cha karavani kikae hapo, karavani ya tani moja ikiwa imepakiwa kichwa kiwe kilo 60 mpaka 100, ila usizidishe kile kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Na tenki la maji liende tupu, lita 100 ni kilo 100, maji mtajaza Same.

Barabarani tembea 60 mpaka 70. Ukiona mabasi yamejipanga nyuma yako kaa pembeni yapite, ndo wewe huna haraka. Kuovateki lori sahau. Kwenye kona kata kwa upana maana trela linakula kona ya ndani, na kurudi nyuma fanya mazoezi kwanza uwanja wa mpira, shika usukani kwa chini, mkono ukienda kulia trela linaenda kulia. Mama asimame nyuma akuelekeze, mkigombana hapo ni kawaida. Ukitembea kilomita 50 za kwanza simama ukaze nati za magurudumu tena.

Na mkilala kijijini msipaki tu porini, nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji mjitambulishe.

SWALI: Mambo. Na sisi tumekodi karavani tunaenda Moshi na watoto wawili, wanataka wakae humo ndani wakati tunatembea maana kuna kitanda. Inaruhusiwa? Mama wa watoto wawili, Njiro, Arusha.

JIBU: Hapana dada, hata kwa kilomita moja. Kuta zake ni mbao nyepesi na bati, mikanda hamna, na ikichomoka wewe uko mbele hujui. Wakae kwenye gari wamefunga mikanda, humo wataingia mkishapaki. Na mtungi wa gesi ufungwe kabla hamjawasha gari, sio mmefika Usa River ndo mnakumbuka.